Kuchagua tepu ya kupimia ya nyumbani na ya karakana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tepu ni kifaa ambacho wengi hukinunua wakiwa wamefuata kitu kingine. Mtu ameingia duka la vifaa vya ujenzi kutafuta misumari, anaona tepu zimening'inizwa karibu na kaunta, anachukua ile yenye rangi ya kuvutia. Baadaye anapima dirisha, anapeleka vipimo kwa fundi, grili inakuja na kugoma kuingia. Lawama anaangushiwa fundi, wakati mara nyingi tatizo liko kwenye tepu au namna ilivyoshikwa. Majibu haya ni ya mtu wa nyumbani anayetaka kupima mapazia na kabati, na ya fundi anayeanza ambaye kila kosa la nusu sentimita linamlia mbao. Msimamo wangu ni huu: angalia kwanza ndoano, kisha upana wa utepe na usomekaji wa namba. Urefu uje baadaye, na rangi ya kasha isahau kabisa.

Ya nyumbani iwe ya mita ngapi?

Mita 5. Ya mita 3 inakaa vizuri mfukoni na inatosha kupima meza, kitanda au friji, lakini kuta nyingi za sebule huzidi mita 3, na hapo utaanza kupima vipande vipande na kujumlisha. Kila unapojumlisha unaongeza nafasi ya kukosea. Ya mita 8 kwa mtu wa nyumbani ni mzigo tu.

Fundi seremala au fundi wa grili atafanya kazi zake nyingi kwa mita 5, ila inafaa awe na nyingine ya mita 7.5 au 8 kwa ajili ya kenchi za paa, mabati na mbao ndefu. Za mita 10 zenye springi sizipendekezi kwa kazi za kila siku. Ni nzito kiunoni, na utepe mrefu namna hiyo hurudi kwa nguvu ambayo ndoano haiwezi kuivumilia kwa muda mrefu.

Upana wa utepe una maana gani?

Maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tepu za mita 3 huwa na utepe wa milimita 13 au 16, za mita 5 mara nyingi 19, na zile za kazi ngumu 25. Utepe mpana husimama wenyewe hewani bila kukunjika, kwa hiyo unaweza kuusukuma hadi ukuta wa pili ukiwa peke yako. Ule mwembamba ukifika mita moja na kitu unavunjika kiuno na kuanguka, na utahitaji mtu wa kukushikia upande wa pili.

Utazame utepe kwa mbele: umepinda kidogo mithili ya mfereji. Mpindo huo ndio unaoupa ugumu. Mmarekani Hiram Farrand alipata hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya utepe wa aina hiyo mwaka 1922. Kabla yake, tepu za chuma zenye springi zilikuwa bapa na hazikusimama hewani. Kwa hiyo ukikuta tepu mpya ambayo mpindo wake ni hafifu, karibu bapa, irudishe ilikotoka.

Kama unafanya kazi peke yako mara nyingi, nunua mita 5 yenye utepe wa milimita 25. Itajaa mkononi, lakini utaipenda siku ya kwanza utakapopima dari bila kumwita mtu.

Ndoano ya mbele inacheza. Je, tepu ni mbovu?

Hapana. Inacheza kwa makusudi, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye tepu alijue.

Ndoano ina unene wake, kwa kawaida kama milimita moja. Unapoitundika kwenye ncha ya mbao na kuvuta, kipimo kinaanzia upande wa ndani wa ndoano. Unapousukuma utepe ukutani, ndani ya dirisha kwa mfano, kipimo kinaanzia upande wa nje. Ingekuwa imekazwa isicheze, moja ya vipimo hivyo viwili ingekosea kwa unene wa ndoano. Ndiyo maana matundu ya ribiti, vile vipini vinavyoishikilia ndoano kwenye utepe, hufanywa marefu kidogo: ukivuta, ndoano inatoka, ukisukuma, inarudi ndani kwa kiasi kilekile cha unene wake. Sifuri inabaki palepale.

Kuna mafundi ambao wakiona ndoano inacheza huigonga nyundo ikaze. Tepu hiyo imeharibiwa. Itapima sawa kwa nje na kukosea kwa ndani, au kinyume chake, na mwenye kuiazima hatajua.

Ubovu wa kweli ni wa aina mbili. Wa kwanza ni ndoano kuchezea kupita unene wake kwa sababu matundu yamelika. Wa pili ni ndoano kupinda baada ya tepu kuanguka kwa kichwa juu ya sakafu ya saruji. Ndoano inapaswa kusimama wima, ikifanya pembe mraba na utepe. Ikilala kwa nyuma au kwa mbele, kila kipimo chako kina kasoro.

Nitaijaribuje dukani kabla ya kulipa?

Omba rula ya chuma ya sentimita 30, ile ambayo sifuri yake inaanzia kwenye ukingo wenyewe. Duka linalouza tepu aghalabu huwa nayo, na ukiwa na yako mfukoni ni vizuri zaidi.

Tundika ndoano kwenye ncha ya rula, vuta kidogo, tazama kama alama ya 30 ya tepu inalingana na mwisho wa rula. Halafu simamisha ncha ya rula ukutani, sukuma na utepe ukutani hapohapo sambamba nayo, tazama tena alama ya 30. Zikilingana mara zote mbili, ndoano ni nzima. Zikilingana mara moja tu, chukua nyingine. Jaribio lote halifiki dakika moja, na muuzaji mwelewa hatakasirika.

Baada ya hapo vuta tepu tatu tofauti hadi mita 3 au zaidi, uzilaze pamoja kwenye kaunta au sakafuni zikiwa zimeanzia sehemu moja. Tatu, kwa sababu mbili zikitofautiana hutajua ipi inasema kweli. Ile inayojitenga na wenzake iache.

Kisha loki. Vuta utepe mita mbili, funga, uuache ukining'inia na kuutikisa kidogo. Ukirudi wenyewe polepole, loki ni dhaifu. Kifungio cha kuushikilia utepe mahali ulipofika kilipewa hataza Marekani mwaka 1868 kwa Alvin Fellows wa New Haven, kwa hiyo mwenye kiwanda leo hana kisingizio cha kushindwa kukitengeneza vizuri.

Mwisho, sugua namba kwa kidole gumba kilicholowa. Wino ukiacha rangi kidoleni, tepu hiyo haitafika miezi mingi kwenye karakana yenye vumbi la mbao au mchanga. Utepe wenye tabaka la nailoni juu ya maandishi hudumu zaidi ya ule uliopakwa rangi tu.

Kuna namba za Kirumi I, II au III mwanzoni mwa utepe. Ni za nini?

Ni daraja la usahihi kwa kanuni za Ulaya. Zinaeleza kosa kubwa linaloruhusiwa likilinganishwa na urefu. Kwenye urefu wa mita 5, daraja la I haliruhusiwi kukosea zaidi ya milimita 0.6, daraja la II milimita 1.3, na daraja la III milimita 2.6. Kwenye mita 10 ni 1.1, 2.3 na 4.6.

Kwa nyumba na karakana, daraja la II linatosha kabisa. Mbao inayokatwa kwa msumeno wa mkono haiwezi kunufaika na tofauti ya nusu milimita. Fundi wa vioo au wa makabati ya jikoni anayeunga vipande vingi akipata daraja la I, anunue. Tepu isiyo na alama yoyote si lazima iwe mbaya, ila hakuna aliyeahidi chochote juu yake, kwa hiyo jaribio la rula linakuwa la lazima. Na alama inaweza kuchapwa na yeyote. Ijaribu hata yenye alama.

Ninunue ya inchi, ya sentimita, au yenye zote?

Yenye zote. Kwetu huwezi kukwepa. Mbao tunaziita mbili kwa nne na moja kwa nane kwa inchi, tofali ni la inchi tano au sita, bati ni la futi, nondo ni ya milimita 12, na ramani ya nyumba imechorwa kwa milimita. Siku moja ya ujenzi inapita kwenye mifumo yote miwili.

Hatari iko kwenye kubadilisha kwa kichwa. Wengi hushika kwamba futi moja ni sentimita 30. Futi ni sentimita 30.48, na hizo 0.48 zinajumlishana. Futi 10 ni sentimita 304.8, yaani bati la mita 3 ni fupi kwa karibu sentimita 5 kuliko bati la futi 10. Ukipanga mapaa yako kwa futi halafu ukauziwa kwa mita, mwingiliano wa bati na bati unapungua na mvua itakuonyesha. Nondo ni vivyo hivyo: mita 12 ni pungufu kwa sentimita 19 kuliko futi 40. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, ishike hiyo, mengine yote utayapata kwa kuzidisha.

Ushauri wangu kwa kazi ya samani na makabati ni kutumia milimita mwanzo hadi mwisho. Inchi 23 na tano ya nane inatamkwa vibaya, inasikika vibaya kwenye simu, na inaandikwa vibaya kwenye kipande cha boksi. "Mia sita" haina utata. Hata plaiwudi ya nane kwa nne, ukiipima, utakuta mara nyingi ni milimita 2440 kwa 1220, ambayo imepita futi 8 kwa milimita 1.6 na futi 4 kwa milimita 0.8.

Ukinunua, hakikisha ukingo unaoutumia sana ndio unaokaa juu unaposhika tepu kwa mkono wako wa kawaida. Wanaotumia mkono wa kushoto hulalamika, na wana haki, kwamba wao husoma namba zikiwa kichwa chini.

Zile alama ndogo nyeusi za almasi, na namba nyekundu kila inchi 16, zinahusu nini?

Ni za mafundi wa Marekani wanaojenga kuta na sakafu za mbao. Nyekundu huonyesha nafasi ya nguzo kila inchi 16, almasi hugawa futi 8 mara tano, yaani kila inchi 19.2. Kwa ujenzi wetu wa tofali hazina kazi. Zisikupandishie bei.

Mimi na fundi wangu tuna tepu tofauti. Kuna shida?

Ipo, na pengine ni kubwa kuliko daraja la usahihi. Chukua mfano wa grili. Mwenye nyumba anapima dirisha kwa tepu yake, ambayo ndoano imelala kidogo, anasoma sentimita 119.8. Fundi karakanani anakata vyuma kwa tepu yake, ambayo ndoano imelika na inampa milimita mbili zaidi. Kila mmoja ameona namba ileile. Grili na dirisha havikuona.

Tepu moja ipime, na hiyohiyo ikatie. Fundi aje mwenyewe na tepu yake apime dirisha. Kama haiwezekani, mlaze tepu zenu mbili sambamba siku ya kwanza mjue tofauti yake. Tepu yenye kosa dogo lakini inayotumika peke yake kwenye kazi nzima itakupa vitu vinavyoingiana. Tepu mbili nzuri kiasi zisizopatana hazitakupa.

Kwa jambo hilohilo, dirisha lipimwe sehemu tatu kwa upana (juu, katikati, chini) na tatu kwa urefu. Plasta haiko sawa popote. Kipimo kidogo kuliko vyote ndicho cha kumpa fundi.

Napimaje ndani ya fremu wakati kasha la tepu linanizuia kona?

Geuza kasha uangalie mgongoni au tumboni. Nyingi zimeandikwa urefu wa kasha, kwa mfano milimita 70 au 80. Sukuma ndoano upande mmoja, bandika mgongo wa kasha upande wa pili, soma namba kwenye mdomo wa kasha, ongeza huo urefu. Usiukunje utepe konani na kukisia. Kama kasha lako ni la mviringo na halina mgongo bapa, njia hii haifai. Piga alama katikati ya fremu, pima kutoka kila upande, jumlisha.

Mafundi wengine huanzia kwenye 10. Niige?

Ukiwa huiamini ndoano, ndiyo. Unaweka alama ya sentimita 10 kwenye ncha ya kitu, na jibu unalipunguza 10. Njia hii inaondoa kosa lote la ndoano. Ubaya wake ni kusahau: ukitaka kipande cha 50 ukaweka alama kwenye 50 badala ya 60, umekata 40, na mbao haiongezeki. Wanaofanya kazi wawili wawili waambizane kwa sauti, "naanzia kumi."

Yenye sumaku kwenye ndoano ni bora?

Kwa fundi bomba na fundi wa chuma anayepima mihimili mirefu peke yake, ni msaada. Lakini kwenye karakana ya kuchomelea sumaku hukusanya unga wa chuma, unajibana kati ya ndoano na kipande, na kipimo kinaongezeka bila wewe kuona. Ukiwa nayo, ifute kila unapoitumia. Kwa seremala haina kazi.

Napima kiwanja au msingi. Tepu ya mita 5 inatosha?

Haitoshi. Tafuta tepu ndefu ya kuzungusha kwa mkono, mita 30 au 50. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni mita 15.24 kwa 30.48, kwa hiyo tepu ya mita 30 kamili inapungukiwa sentimita 48 upande mrefu. Nunua ya 50.

Za nyuzi za fibaglasi ni nyepesi, hazishiki kutu na hazipitishi umeme kama chuma, lakini zinarefuka ukizivuta kwa nguvu. Za chuma ni sahihi zaidi ila hukatika ukizikanyaga zikiwa zimejikunja. Yoyote utakayochagua, isilegee katikati: tepu iliyolegea hukupa namba kubwa kuliko umbali wa kweli.

Kona za msingi zihakiki kwa tatu, nne, tano: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari uwe mita 5. Eneo likiruhusu tumia 6, 8 na 10, kosa litaonekana wazi zaidi. Ila mipaka ya kiwanja chenyewe ni kazi ya mpima ardhi na bikoni zake, tepu yako haiwezi kumaliza ugomvi na jirani.

Tepu ya fundi cherehani inaweza kutumika kwa kazi hizi?

Kwa mapazia na vitambaa, ndiyo. Kwa mbao, hapana, kwa sababu inarefuka kadiri inavyotumika. Kuna hila moja ya kuijua nzuri: inchi 60 ni sentimita 152.4. Ukikuta upande mmoja unaishia 150 na upande wa pili unaishia 60 mahali palepale kabisa, mojawapo ya pande hizo si kweli. Ilinganishe na rula ya chuma kila baada ya muda.

Kipimo cha leza kitaiondoa tepu?

Kwa vyumba, dari na kazi ya kukadiria rangi au vigae, leza inaokoa muda mwingi, na nyingi huahidi kosa lisilozidi milimita 2 hivi. Juani kitone chekundu hakionekani, na kwenye kioo mwale hupita. Haiwezi kupigia alama ya kukata mbao. Nunua tepu nzuri kwanza.

Joto la kwetu linaharibu kipimo?

Tepu za chuma hupimwa kwa nyuzi joto 20. Kwa nyuzi 35 mchana wa Dar es Salaam au Mombasa, tepu ya mita 5 inatanuka chini ya milimita moja. Ya mita 30 inatanuka karibu milimita 5. Nyumbani usihangaike nalo. Kwenye msingi mrefu, pima asubuhi.

Niitunzeje?

Usiuachie utepe urudi kwa kasi. Mlio ule wa kugonga ndio unaopanua matundu ya ribiti. Uzuie kwa kidole chini ya mdomo wa kasha hadi ndoano ifike taratibu. Ukitoka kwenye zege au mchanga mbichi, futa utepe kwa kitambaa kabla ya kuurudisha, kwani punje moja ya mchanga inakwangua namba kila unapovuta. Ukilowa, uvute wote nje ukauke. Na usipime karibu na nyaya za umeme zilizo wazi. Utepe wa chuma unapitisha umeme, na ukikunjika unaangukia usikotaka.

Nauza vitambaa na nyaya kwa mita. Tepu yoyote inafaa?

Hapana. Kipimo cha biashara kinatakiwa kihakikiwe na kupigwa chapa. Tanzania ni kazi ya Wakala wa Vipimo, Kenya ina idara yake ya vipimo. Tepu ya kufanyia kazi zako mwenyewe haiingii humo. Kiwanda kidogo kinachohitaji cheti cha ugezi, yaani cha kuthibitisha usahihi wa kifaa, kinaweza kuuliza mashirika ya viwango, TBS la Tanzania au KEBS la Kenya, ambako kuna maabara za vipimo.

Lini niitupe?

Namba za sentimita 20 za mwanzo zikifutika, maana hapo ndipo unaposoma kila siku. Utepe ukiwa na mkunjo uliobaki kovu, kwani utakatika hapo na ukingo wake unakata kidole. Ndoano ikifeli jaribio la rula hata baada ya kunyooshwa. Kabla ya kuitupa ile ya zamani, ilaze na mpya sambamba uone ilikuwa inakosea kiasi gani. Kama una kazi uliyoianza na ya zamani, imalize nayo, kisha uanze inayofuata na mpya.